Bamama ba Gracia

Lubumbashi, Bel-Air
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Yaya Delphine, dada yangu mkubwa,

Jambo sana, Yaya. Nakusalimu wewe na shemeji Ruphin, nikitumaini kwamba karatasi hii itawakuta mkiwa na afya, na kwamba kile kikohozi ulichokipata kwenye vumbi la Kolwezi kimekuachia. Sisi huku tuko wazima kwa neema. Goti la mama linamsumbua kila mvua ikikaribia, lakini anakataa kukaa. Leo amesimama ibada nzima na kwaya ya akina mama, kisha amerudi nyumbani akisema mguu unaouma ni wa mtu mwingine. Papa anakusalimu sana. Depo yake imejaa magodoro mpaka mlangoni, na yeye anapita katikati yake kwa ubavu, akijisifu kwamba amepungua. Gracia ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele ya watu, isipokuwa akisahau.

Utashangaa kuona nimeandika kwa mkono, mimi ninayeshinda kwenye kompyuta. Kwenye simu ungenijibu kabla sijamaliza, na nikijibiwa katikati ninanyamaza, unanijua. Jean-Claude, dereva wa papa, ataleta gari huko kwenu keshokutwa. Nitampa barua hii mkononi, na amenihakikishia kwamba hatamfungia mtu maandazi ndani yake.

Ujumbe wako niliupata. Unasema Ijumaa mtakuja na shemeji, na kwamba wewe mwenyewe utamngoja Gracia langoni pa shule saa ya kutoka, bila yeye kuambiwa, ili ashtuke kwa furaha. Kisha mtaondoka naye, akaanze muhula mpya Kolwezi. Umeandika kwamba sasa una nyumba, una mume anayemtaka mtoto, na kwamba mimi nimefanya kazi ya kutosha. Nilikujibu "Sawa, Yaya" na ule moyo mwekundu. Lile halikuwa jibu. Jibu ni hili ninaloandika sasa, na siwezi kulifikia bila kukueleza kwanza mambo ya kazini kwangu. Nivumilie. Nimekwisha kuinuka mezani mara nyingi kuangalia mvua ambayo hainyeshi.

Unajua kwamba ofisi yetu ya mjini inatengeneza programu za mtandaoni. Mwaka huu shule ya Gracia ilituomba moja ya kujua nani ana ruhusa ya kumchukua mtoto gani. Kulikuwa na mtoto aliyetoka na jirani bila mtu kujua. Ukoo mzima ulilia mchana kutwa, na alipopatikana alikuwa anakula mihogo kwa jirani huyo, hana habari. Basi Papa Donat, mlinzi wa lango, akapewa tableti. Mtu akifika, Donat anatafuta jina la mtoto, na chini yake anaona picha na majina ya watu wake. Jina halipo, mtoto hatoki.

Shida ilikuwa kujaza hayo majina. Mtoto mmoja ana watu wengi, na mtu mmoja ana watoto wengi: wake, wa kaka yake, wa dada aliye safarini. Chilufya, mwenzangu wa ofisini, ndiye aliyeanza. Alitengeneza fomu ndani ya fomu. Unafungua familia, ndani ya familia kuna watoto, ndani ya kila mtoto kuna watu, ndani ya kila mtu kuna simu zake, na kitufe cha kuhifadhi kiko kimoja tu, chini kabisa. Ukikosea tarakimu moja ya simu ya nkambo, awe babu au bibi, ukurasa wote unarudi umejaa wekundu. Na shangazi mwenye watoto wa ndugu watatu anaandikwa mara tatu kama watu watatu tofauti, kila mmoja na simu yake ya zamani.

Mama Christiane, sekretari wa shule, alinipigia. Alisema fomu yetu ni sufuria ndani ya sufuria ndani ya sufuria, na yeye anatafuta kijiko tu. Akauliza kama sisi tuliosoma tunalipwa kwa hesabu ya vifuniko.

Unanijua nikishikwa na kitu. Nilikuwa nakula nimesimama. Mama alinisemesha mara mbili ndipo nikasikia. Mwishoni niliona kosa liko wapi: tulimweka mtu ndani ya mtoto. Lakini mtu hakai ndani ya mtoto, wala mtoto hakai ndani ya mtu. Kuna mtoto, kuna mtu, na katikati yao kuna uhusiano, nao ni kitu chenyewe, kina jina lake na tarehe kilipoanza. Basi nikavunja zile sufuria zote. Mtoto aandikwe mara moja tu. Mtu aandikwe mara moja tu. Kisha ukurasa mdogo wenye mstari mmoja: mtoto huyu, uhusiano huu, mtu huyu. Unahifadhi mstari huo peke yake, na kosa lako linabaki kwenye mstari huo peke yake. Mama Christiane alipoiona alisema sasa ndiyo nimeanza kufaa kuolewa. Nilifurahi kama mjinga.

Ningeishia hapo, tungekuwa salama. Lakini nilitaka usafi zaidi. Niliweka sheria kwamba kila mtoto ana mstari mmoja wa baba na mstari mmoja wa mama, na wengine wote wanaitwa walezi. Ukiandika mama wa pili, programu haikuzuii. Inadhani unarekebisha wa kwanza, inamtoa, inamweka mpya mahali pake, kimya kimya. Niliuona ule ukimya kama adabu, kwamba programu isimsumbue mtu kwa maswali. Mifano yote niliyojifunzia ilikuwa hivyo, ya watu wa mbali ambao mtoto wao ana mama mmoja na habari imekwisha. Chilufya alisimama nyuma ya kiti changu, akauliza, "Na bale bamama bengine?" Nikamwambia mama ni mmoja, hata biolojia inasema. Akajibu kwamba biolojia haijafika kwao Kipushi.

Fikiri, Yaya. Mimi ndiye niliyesema hivyo. Mimi ambaye Gracia ananiita Mama Abi, na wewe anakuita Mama Kolwezi, na hajawahi kuchanganya.

Wiki iliyopita nilienda kumchukua shuleni. Mimi nilipita upesi. Papa Donat aliangalia tableti yake akasema, "Mama Gracia, pita." Nikamshika mtoto mkono. Tulipogeuka, nyuma yetu alikuwa amesimama Mama Angélique, yule anayeuza vitenge, ambaye hukaa Kasumbalesa kwa biashara siku nyingi na kumwacha mwanawe Jérémie kwa mdogo wake. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye basi, mizigo bado miguuni. Donat alitafuta, akatafuta tena, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mashini inakataa. Chini ya jina la Jérémie, mahali pa mama, kulikuwa na picha ya yule mdogo wake.

Mama Angélique kwanza alicheka. Akauliza, "Mashini njo ilizala Jérémie?" Watu wakacheka naye. Donat akamwambia kwamba yeye anamjua vizuri, hata kitenge alichovaa mke wake Jumapili kilitoka kwake, lakini akimfungulia mtu asiye na jina, kesho atafungiwa yeye. Mwanamume mmoja wa pikipiki akashauri arudi hospitali akamzae tena, safari hii na fomu. Hapo ndipo Mama Angélique alipoacha kucheka. Aliuliza kama anyanyue kitenge mbele ya watu wote ili mashini isome mshono wa kwenye tumbo. Jérémie alikuwa upande wa pili wa vyuma vya lango, ameona mizigo, amemwona mama, anaita. Mama Christiane alikuja mbio akafungua kwa mkono wake, akaomba radhi, akasema ni teknolojia. Mama Angélique hakuniangalia. Hajui kwamba teknolojia ndiyo mimi, niliyesimama pale na mtoto mkononi.

Njiani Gracia aliniuliza kwa nini mashini haimjui mama wa Jérémie. Nilimwambia imesahau. Akauliza mashini zinasahauje. Nikamnunulia karanga.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Mama Christiane kumuuliza alivyojaza. Akanieleza kwamba aliziita familia, akauliza mama wa mtoto ni nani, na wote waliotajwa akawaandika. Nikamuuliza kwa nini hao wengine hakuwaweka kama walezi. Aliniangalia juu ya miwani. Mlezi, alisema, ni mtu wa kituo cha yatima. Yeye hawezi kumwandika mama mudogo wa mtoto kama mtu wa kituo cha yatima, ukoo ungemlaani. Kisha akanigeuzia swali, "Weye Abi, uko mama mudogo, nikuandike nani?"

Nikaelewa yote palepale, na nilitaka kutoka nje. Huku kwetu familia ikiulizwa, humtaja kwanza aliyezaa, kisha mama mukubwa, kisha mama mudogo. Mama Christiane aliandika kwa mpangilio huo huo wa heshima. Kila aliyeandikwa alimsukuma nje aliyemtangulia, na aliyebaki ni yule aliyetajwa mwisho. Wa kwanza kutolewa alikuwa mama mzazi, kila mara. Hakuna mtu wa mbali angekosea namna hiyo, maana kwao mstari wa pili usingeandikwa. Kosa hili lilihitaji mtu wa hapa ajaze, na mtu wa hapa aliyejisahau atengeneze.

Nilirekebisha siku hiyo. Sheria ya mama mmoja nimeiondoa. Mahali pa uhusiano sasa kuna maneno ya nyumbani kwetu: mama, mama mukubwa, mama mudogo, papa mudogo, nkambo, na mistari ni mingi kadiri ya watu walivyo. Kumwongeza mtu hakumtoi mwingine. Kumtoa mtu ni kazi ya pekee, kwenye ukurasa wake wenyewe, na ukurasa huo unauliza nani anatolewa na nani ameomba atolewe. Waliokuwa wamesukumwa nje sikuwarudisha kwa amri moja, nilikuwa siiamini tena akili yangu. Programu ilikuwa imetunza kumbukumbu ya kila mstari uliofutwa. Tulikaa mimi na Mama Christiane, yeye akipigia familia simu, mimi nikirudisha, mtoto mmoja mmoja.

Sasa nafika, Yaya. Nimeinuka tena, nimekwenda kuangalia sufuria ya maharage ambayo haikuniita, nimerudi.

Tulipofika kwa Gracia, Mama Christiane alisema huyu ni wako, malizia mwenyewe, akaenda kunywa chai. Nilifungua. Mahali pa mama palikuwa na picha yangu. Ulikuwa umeandikwa mwanzoni kabisa, mimi mwenyewe ndiye niliyekuandika. Kisha nilikuja kuandikwa mimi, nikakusukuma nje, na kwa miezi Donat amekuwa akisema "Mama Gracia, pita" kwa sababu ndivyo tableti ilivyomwambia. Niliangalia ile picha. Niliokuwa nataka kurudisha ni mstari mmoja, kazi ya kubonyeza tu. Nikafunga ukurasa. Mama Christiane aliporudi aliuliza kama Gracia amekwisha, nikasema amekwisha.

Nilijiambia nitakurudisha mchana. Mchana ukaleta ujumbe wako.

Nisome vizuri hapa, usiruke. Nilijua kwamba Ijumaa ungesimama langoni umevaa vizuri, na shemeji nyuma yako, na Papa Donat, asiyekujua kabisa, angetafuta na kukuambia mashini inakataa. Nilijua, kwa kuwa nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu. Na niliacha. Siku moja, siku ya pili, ya tatu. Kila asubuhi nilikaa ofisini nikasema leo, na kila jioni nilirudi nyumbani nimekuacha nje. Nilikuwa siwezi kukuambia hapana, sina haki hiyo. Wewe ndiye uliyemzaa, na ulipomwacha kwetu hakukuwa na njia nyingine, sote tulikuwepo. Nikataka kitu kingine kikuambie hapana badala yangu. Nikatumaini kwamba ungeaibika kidogo mbele ya watu, ukae kwenye benchi la mlinzi, na mimi nije nikutoe, na wewe uone kwa macho yako mtoto anamkimbilia nani.

Nimeandika hivyo bila kuinuka mezani. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Kilichonigeuza si maombi, ingawa mama atasema ni maombi yake. Ni Mama Angélique. Tangu siku ile anamfuata Jérémie mwenyewe kila siku, hajarudi Kasumbalesa. Anafika kabla ya wote. Jina lake limekwisha kurudi, Donat anamfungulia akimwona tu kwa mbali. Lakini yeye anakuja na kadi yake ya uchaguzi, ameinua mkono, picha imeelekea lango, kabla mtu hajamwuliza chochote. Donat anamwambia, "Mama, weka, mi nakujua." Anaitikia, haiteremshi. Juzi Ijumaa nilisimama karibu naye nikaona ule mkono. Nikakuona wewe.

Jana nilikwenda ofisini ingawa ni Jumamosi, nikakurudisha. Sasa chini ya jina la Gracia kuna mistari miwili. Wa kwanza: mama, Delphine, na picha yako ya siku ya ndoa, nimeikata shemeji asionekane, anisamehe. Wa pili: mama mudogo, Mbambu Abigaëlle. Jumatatu nitamwonyesha Papa Donat picha yako ili akikuona akufungulie kabla hujasema neno. Utaita, Gracia atakuja. Jino halipo, usimcheke. Nguo zake nimekwisha kuzifua. Sweta ya kijani anasema inamkuna lakini haimkuni, anataka tu abembelezwe. Usiku hulala na mkono kwenye sikio la mtu. Atatafuta lako.

Sitakuzuia, na wala sikuombi umwache. Nimejaribu kuandika sentensi ya kukuomba hivyo, karatasi mbili zimekwenda jikoni kuwasha moto. Ila kuna jambo moja. Mtoto akihama shule, Mama Christiane hufungua ule ukurasa wa kutoa watu, ninaokuambia niliutengeneza mimi. Atakuuliza, maana ukurasa wenyewe utamlazimisha kuuliza, nani atolewe kwa Gracia na nani ameomba. Kwa kawaida wazazi huwataja wengine wote watolewe, wapate karatasi safi za shule mpya. Mistari inayobaki hupelekwa huko pamoja na mtoto.

Atakapokuuliza, Yaya, usinitaje.

Mama anakusalimu, anasema uje na ule mfuko wake mkubwa, anajua unao. Papa anamwuliza shemeji kama Kolwezi hawahitaji magodoro. Gracia hajui ninakuandikia. Amelala kwenye mkeka karibu na miguu yangu, na jina lako anaanza kuliandika vizuri, isipokuwa ile "ph" inayomkera. Mfike salama Ijumaa. Mungu awatangulie barabarani.

Mdogo wako,
Mbambu Abigaëlle
mama mudogo wa Gracia